Mlinzi wa Lango Hana Adabu

Ofisini wananiita Wembe, na sijawahi kulikataa jina hilo. Kazi yangu ni kuandika majibu ya mchezo wa maandishi, ule mchezo wa kompyuta usio na picha wala muziki. Mashine inakuandikia uko wapi, wewe unaiandikia unafanya nini, na safari inaendelea. Fungua mlango. Chukua taa. Panda ngazi. Hayo mashine inayaelewa vizuri sana. Tabu ni kwamba binadamu hawaandiki hayo. Binadamu akiambiwa kuna mlango mbele yake anaandika "naogopa", au "kwani haraka ya nini", au anaitukania mashine mama yake, mama ambaye mashine haina. Maneno kama hayo mashine haiyajui, na hapo ndipo ninapoingia mimi.

Zamani mchezo wetu ulikuwa na jibu moja tu kwa kila usichokijua: "Sielewi. Jaribu tena." Nililichukia jibu lile kama ninavyomchukia karani anayekufungia dirisha usoni. Mtu amekuandikia jambo lake, wewe unamwambia ajaribu tena. Ajaribu nini? Nikamwambia bosi aniachie mimi, nikamtengeneza mlinzi wa lango. Kila neno lisilotambulika lilipelekwa kwa mlinzi, na mlinzi alijibu mapigo. Alikuwa mkali, mjuaji, na hana muda na mtu. Wenzangu walisema nimejiandika mwenyewe na kujivika sare.

Sasa, huwezi kumwandikia mlinzi majibu kama hujui ataambiwa nini. Kwa hiyo tuna namna yetu ya kufanya kazi. Tunamweka mtu ambaye hajawahi kucheza kwenye kompyuta chumba kimoja, mimi nakaa chumba cha pili na kompyuta yangu. Maneno inayoyajua, mashine inajibu yenyewe. Yasiyojulikana yanatokea kwenye skrini yangu, nami nayajibu papo hapo kwa vidole vyangu, kama mlinzi. Yule anayecheza haambiwi. Mtu akijua kuna mwenzake upande wa pili anakuwa na adabu, na adabu haitufundishi kitu.

Hiyo ni ofisini. Nyumbani mimi ni mtu mwingine kabisa, kwa sababu nyumbani yuko mama mkwe.

Mama alikuja kukaa nasi alipostaafu. Kazi yake ilikuwa ukaguzi wa tiketi kwenye treni, na tangu aingie nyumbani kwetu hatujawahi kupishana kauli. Mume wangu analitangaza jambo hilo kwa kila anayemkuta. Yeye ni fundi wa miwani, anapima macho ya watu kutwa nzima, na akirudi kwake haoni kitu. "Mke wangu na mama yangu," huwaambia wateja, "hujapata kuona watu wanaoelewana vile." Angesikiliza asubuhi moja tu angejua tunavyoelewana.

"Mama, shikamoo. Umeamkaje?"

"Marahaba mwanangu. Nimeamka salama. Wewe je?"

"Salama, mama. Chai iko tayari."

"Asante mwanangu, usingejisumbua."

"Si usumbufu, mama."

Kesho yake tunayasema tena hayo hayo, hakuna linaloongezwa wala kupunguzwa.

Na sasa alikuwa anaondoka. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuwa aje Jumamosi na gari la mizigo amchukue akakae kwake. Hakuna aliyemfukuza. Aliomba mwenyewe, kwa upole wake ule ule: "Nisiwachoshe, wanangu." Mume wangu akasema sawa mama, kama unavyopenda, akaenda kupima macho ya watu.

Mimi sikutaka aende. Nilimpenda yule mama, na nilimpenda kwa sababu ya redio. Akiwa peke yake sebuleni mama hugombana na redio. Msomaji wa habari akisema bei zitashuka, anamwambia, "Nenda wewe sokoni basi ukarudi na huo uongo wako!" Mtangazaji wa michezo anamwita bata. Mara nyingi nikirudi kazini navua viatu mlangoni, nasimama kwenye korido nikiwa nimevishika mkononi, nasikiliza, mbavu sina. Nikiingia tu, ananyamaza, ananyoosha gauni, anasema, "Karibu mwanangu, pole na kazi." Yule mwanamke wa redio anapotea, nabaki na mgeni mstaarabu.

Nilimwambia asiende. Nilimwambia kwa mdomo wangu, jikoni, "Mama, usiende, kaa na sisi." Akanishika mkono akasema, "Asante mwanangu, una moyo mzuri." Nikajua hakunisikia. Muda wote tumeambiana mambo matamu tupu, sasa neno la kweli limekuja limevaa nguo zile zile. Angelitambuaje?

Wiki hiyo ofisi yetu ilikuwa inapakwa rangi, nikawa nafanyia kazi nyumbani. Bosi akanipigia simu akitaka nimpate mtu mmoja wa kujaribu sehemu ya lango kabla ya wiki kwisha, mtu asiyejua lolote kuhusu michezo ya kompyuta. Mama alikuwa amekaa pale pale anakunja nguo.

"Kama ni mtu tu unamtafuta, mwanangu, mimi nipo," akasema. "Lakini sitaki kukuharibia kazi."

"Hutaharibu, mama. Naogopa tu kukusumbua."

"Sisumbuki, mwanangu. Labda wewe ndiye utakayesumbuka."

"Hapana mama, ila kama umechoka..."

"Sijachoka. Kama wewe unaona ni sawa."

Tulikwenda hivyo mpaka chai ikapoa. Mwishowe nikamkalisha sebuleni mbele ya kompyuta, nikamwonyesha pa kuandikia, nikamwambia akijibiwa vibaya asijali, ni mashine tu. Nikaenda chumbani kwetu, nikarudisha mlango bila kuufunga, nikakaa kitandani na kompyuta yangu mapajani.

Mchezo ukamwandikia: "Umesimama mbele ya lango kubwa la chuma. Mlinzi amesimama kando yake. Karibu na kisima kuna kigoda. Unafanya nini?"

Nikasikia kidole kimoja kikitafuta herufi. Kikatafuta, kikatafuta. Kisha kwenye skrini yangu ikatokea: "Nasubiri aniamkie."

Mashine haikuwa na habari na kuamkiwa. Nikakunja mikono ya blauzi, nikawa mlinzi. "Utasubiri sana," nikaandika.

"Alaa!" ikasikika kutoka sebuleni.

Safari hii kidole kilikwenda mbio kidogo. "Kijana, unajua unazungumza na nani?"

"Na mtu asiye na ufunguo."

"Mimi nimekagua tiketi kwenye treni kabla hujazaliwa. Nimewashusha wakubwa kuliko wewe, kwenye stesheni zisizo na taa."

"Hapa treni haipiti. Sema unachotaka kufanya, usinihadithie maisha yako."

"Funga mdomo."

Hapo mashine ikanipokonya zamu. Neno "funga" inalijua, ni kati ya maneno yake ya mwanzo kabisa, ikaenda kukitafuta kitu cha kufungwa. Ikajibu yenyewe, kwa utulivu wake wote: "Hakuna mdomo hapa."

Sebuleni mama akaangua kicheko. Sikuwahi kusikia kicheko kile. Kilianzia tumboni na kilikuwa na kelele nyingi, nami nikajifunika mto usoni nisisikike. "Hakuna mdomo hapa!" akawa anairudia peke yake. "Na huo unaonitukana nao umeazima?"

Akaiandika kweli. Nikamjibu kwamba nimeuazima kwake, maana yeye anao wa ziada. Akacheka tena.

Basi tukaendelea. Aliniita kitasa kibovu, nikamwita king'ang'anizi. Aliniambia sare yangu imekosa pasi, nikamwambia aingie anipigie. Kila aliloandika lilikuwa tamu, na mashine haikuelewa hata moja. Mwishowe akaandika: "Na wewe mbona umesimama kutwa? Kaa kwenye kile kigoda upumzishe miguu, ndiyo maana una hasira."

Nikapigwa na butwaa. Hilo ndilo jibu la fumbo lenyewe. Lango lile linafunguka ukimpa mlinzi kigoda, na pale ofisini hakuna aliyewahi kuligundua bila kusaidiwa. Mmoja alijaribu kumpiga mlinzi kwa ndoo, mwingine alijaribu kumchoma moto. Mashine ilitaka iandikiwe "mpe mlinzi kigoda", kwa hiyo sentensi ya mama isingefanya kitu. Nikalifungua lango mwenyewe. "Mlinzi anakaa. Lango liko wazi mbele yako. Unafanya nini?"

"Asante," akaandika. "Siingii."

Huyu naye! "Kwa nini? Lango si hilo liko wazi?"

"Nimeliona. Hata lango la stesheni liko wazi siku nzima, lakini anapita mwenye tiketi. Mimi sijaitwa na mtu humo ndani."

Zoezi lilikuwa limekwisha. Nilipaswa kumwandikia kwaheri, niende nikamshukuru, anijibu si kitu mwanangu. Lakini mkono haukutaka. "Nani hajakuita?" nikaandika.

Kidole kikafanya kazi kwa muda mrefu.

"Nakaa kwa mwanangu. Mkewe ni mtu mwema sana. Ananipikia kama mgeni, ananitandikia kama mgeni, nikisema jambo lisilochekesha anacheka. Mgeni mwenye akili huondoka kabla hajaambiwa. Jumamosi naondoka."

"Labda anakuogopa," nikaandika.

"Nimeogopwa na treni nzima, mabehewa yote. Sikuja kwa mwanangu kuogopwa tena."

"Labda hajui kwamba unataka kuambiwa ukweli."

"Nilimjaribu. Mwezi uliopita nilipika mchuzi nikautia chumvi kiganja kizima, makusudi. Nikasema leo atanifokea, na mimi nitamfokea, tutajuana. Alikula wote. Akasema mtamu. Akaongeza."

Damu ikanipanda kichwani. Mchuzi ule! Nilijikaza kisabuni siku ile, nikameza kijiko baada ya kijiko machozi yakinilenga, mume wangu akisema amevimbiwa kazini huku akilisogeza bakuli lake mbali. Nilidhani macho ya mama yameanza kufifia, haoni tena chumvi anayotia, nikamwonea huruma. Kumbe ulikuwa mtihani, na niliufeli kwa kuomba sahani ya pili.

"Mama gani wewe unayelisha watu chumvi?" nikaandika, nikatuma kabla sijafikiri.

"Wewe inakuhusu nini?" akajibu pale pale. Kisha akaandika tena: "Sasa niambie. Wewe humung'unyi maneno, ndiyo maana nakuuliza. Niende au nibaki?"

Nikaandika "baki". Nikafuta. Nikaandika "baki, anakupenda". Nikafuta hiyo pia, maana ilinuka yule mkwe mwema wa jikoni, na mama angesema mlinzi naye kumbe ana moyo mzuri. Nikaandika "nenda zako". Nikaifuta upesi, nikiogopa isije ikaponyoka. Nimewajibu watu wendawazimu, walevi, na mmoja aliyekuwa akiiandikia mashine barua za mapenzi, na sijawahi kukosa jibu. Siku ile nililikosa. Chochote ambacho mlinzi angesema kingekuwa cha mlinzi. Ombi lilikuwa langu, na lilitaka mtu wa kulisema.

"Amelala huyu?" mama akaiuliza sebule.

Nikaweka kompyuta kando, nikatoka.

Alikuwa ameinamia skrini, miwani aliyotengenezewa na mwanawe ikiwa nchani mwa pua, kidole hewani. Akanyoosha gauni aliponiona. "Ooh, mwanangu. Nadhani nimeiharibu mashine yako, imenyamaza."

"Mama," nikasema, "ule mchuzi ulikuwa haufai hata kumwagwa."

Akaniangalia. Akaiangalia skrini. Akauangalia mlango wa chumbani, nilikotoka, halafu akanirudia mimi. Nililiona jambo likimfikia. Nilikuwa nimemwita mtu mzima king'ang'anizi, mama wa mume wangu, nyumbani kwangu, na nilikuwa nimesikia yasiyosemwa kwangu. Nikajua nimekwisha. Shemeji asingehitaji kungoja Jumamosi.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi."

Akasimama. Nilikuwa nimesahau alivyo mrefu, kwa kuwa mbele yangu alikuwa akijikunja siku zote. "Kwa hiyo wewe ndiye uliyesema nitasubiri sana kuamkiwa?"

"Ulikuwa umesimama pale kama lango ni lako!"

"Na mimi ni mtu asiye na ufunguo?"

"Huna!" nikapaza sauti, sijui ilitoka wapi. "Ufunguo wa nyumba hii tulikupa, ukaurudisha mezani, ukauwekea na kitambaa chini, eti usije ukaupoteza!"

"Niliurudisha kwa sababu mlinipa umefungwa utepe! Mtu wa nyumbani anapewa ufunguo na utepe? Utepe mwekundu! Nilidhani nazindua jengo!"

"Utepe nilihangaika nao mimi, nikijua utafurahi!"

"Sikufurahi!"

"Basi ungesema!"

"Na wewe ungesema chumvi imezidi!"

Wote tulikuwa tunahema. Nikaona nisipolisema sasa sitalisema tena. "Huendi kwa shemeji," nikamwambia. "Nilikuambia usiende, ukanijibu nina moyo mzuri. Sina moyo mzuri, mama. Muulize yeyote ofisini kwetu. Nataka ukae kwa sababu mimi ndiye ninayetaka. Nikirudi nyumbani nakuta unamtukana mtangazaji, na hiyo ndiyo saa nzuri kuliko zote kwenye siku yangu. Ukienda nitabaki na nani? Na mwanao? Yeye hajawahi hata kusikia kwamba redio hii inajibiwa!"

Nilikuwa nalia na napiga kelele kwa pamoja, na pua imeanza kunivuja. Mama hakunipa leso wala hakunishika mkono.

"Unasimama kwenye korido unanisikiliza?" akauliza.

"Kila siku."

"Mpelelezi mkubwa wewe!" Lakini pembe za mdomo wake zilikuwa zinacheza. Akanitazama kutoka juu mpaka chini, kama vile ndiyo kwanza nimeingia mlangoni. "Kumbe una mdomo," akasema.

"Ninao."

"Siku zote hizi ulikuwa umeuweka wapi?"

"Ofisini."

"Vizuri. Na mimi wangu ninao hapa, na nimeuchoka kuufunga." Akavua miwani akaiweka juu ya kompyuta. "Tuanze na haya mapazia. Nani alikuambia rangi hii ni ya kuweka ndani ya nyumba wanamolala watu?"

"Mapazia yana kosa gani?"

"Yana kosa gani! Nikiamka asubuhi nadhani niko ndani ya ndizi!"

"Niliyachagua mimi mwenyewe!"

"Najua! Mwanangu ana macho mabaya lakini si kiasi hicho!"

Nilikuwa nimefungua kinywa kumjibu, na jibu lilikuwa zuri, mume wangu alipoingia. Alisimama mlangoni na begi lake la vipimo mkononi, akatuona tumekabiliana katikati ya sebule, mimi na machozi, mama yake na mikono kiunoni. Rangi ikamtoka.

"Mama! Mke wangu! Jamani, majirani..."

"Wewe nyamaza!" tukamwambia, kwa sauti moja.

Akarudi nyuma hadi ukutani. Nilimwona akitoa simu, akampigia mdogo wake. "Njoo leo," akanong'ona, kunong'ona kwa mtu anayesikika mpaka jikoni. "Leo hii, usingoje Jumamosi. Wanagombana. Ndiyo, hao hao! Sijui, nimewakuta hivi. Mambo yameharibika kabisa, njoo na gari umchukue mama."

Mama akanyoosha mkono bila kuniondolea macho. Mume wangu akampa simu.

"Marahaba, mwanangu," mama akasema. "Mimi mzima. Sikiliza, usije. Hapana, si leo. Jumamosi pia usije. Nani ameniudhi? Ndiyo, ameniudhi sana. Ndiyo maana nakuambia usije, nina ugomvi wangu hapa na haujafika hata nusu."

Akamrudishia mume wangu simu yake. Akachukua miwani, akaivaa, akanigeukia.

"Enhe," akasema. "Tulikuwa kwenye mapazia."